Lithiamu ipi? Soma volti kabla ya kuchomeka chaja

Muuzaji akikwambia "hii ni lithiamu", bado hajakwambia kitu. Betri za jina hilo ziko za aina nyingi, na chaja inayoifaa moja huweza kuiunguza nyingine.

Anza na volti ya seli moja. Ikiandikwa 3.2 V, ni ya chuma na fosfeti (LFP au LiFePO4), nayo hujaa ikifika 3.65 V. Ikiandikwa 3.6 au 3.7 V, ni ya nikeli, manganizi na kobalti (NMC) au jamii yake, kama za simu na kompyuta mpakato; nyingi hujaa kwa 4.2 V. Za titanati, 2.4 V, ni adimu madukani.

Nusu volti haionekani kitu mpaka seli ziungwe mfululizo. LFP nne ni 12.8 V, hujaa kwa 14.6 V. NMC tatu ni 11.1 V, hujaa kwa 12.6 V. Zote huuzwa kama "betri ya volti 12"! Ukiifungia pakiti ya seli tatu chaja ya 14.6 V, kila seli inasukumwa kuelekea 4.87 V. Kinachokuokoa hapo ni saketi ya ulinzi (BMS) peke yake. Ikiwa mbovu au haipo, seli huvimba, huchemka, na huweza kuwaka.

Kwa uzito uleule NMC na jamii yake hubeba umeme mwingi zaidi, ndiyo maana simu haziziachi. Kwa sola ya nyumbani, ambako uzito si hoja, chukua LFP: oksijeni yake imeshikwa na fosforasi kwa nguvu, haitoki upesi joto likipanda, na nzuri huvuka mizunguko 2,000 ya kuchaji na kutumia. Ukiiweka mahali pa betri ya asidi, zima "equalize" (hatua ya kusawazisha seli za betri ya asidi) kwenye chaja ya sola, kwani hupandisha volti kupita 14.6. Wala usipime kwa volti umeme uliobaki ndani yake: ikiwa nusu au robo tatu, mita husoma karibu 13.2 vilevile. Tumia kipimo kinachohesabu ampea-saa.

Na zile seli za tochi, 18650 (kipenyo mm 18, urefu mm 65), zilizoandikwa 9900 mAh (miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme zinachobeba)? Uongo mtupu, nyingi za kweli ni 2000 hadi 3500. Ziweke kwenye mizani: ya kweli ina gramu 45 hivi, na ikisoma 25 irudishe dukani.