Uzi wa shingo ya kizazi: niliyoambiwa msibani na niliyoyajua baadaye

Nilipoteza mtoto nikiwa na wiki 20. Uchungu hasa sikuusikia. Tangu asubuhi kulikuwa na uzito chini ya kitovu, ute mwingi kuliko kawaida, na jioni nikahisi kitu kinashuka. Tulipofika materniti kwa pikipiki, shingo ya kizazi ilikuwa imeshafunguka. Alikuwa mtoto wa kike.

Wiki hiyo nyumba yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, ilijaa watu waliokuja kutupa pole, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mamamkwe alinishika mkono akasema, “Mwanangu, safari ijayo wakushone mapema.” Alimaanisha uzi unaofungwa kwenye shingo ya kizazi ili isifunguke kabla ya wakati. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile. Nimewauliza madaktari wawili na wakunga kadhaa. Mengi niliyoambiwa msibani yalisemwa kwa upendo, lakini hayakuwa kweli.

“Ulipandisha bidoni za maji, ndiyo maana.”

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniumiza zaidi. Anayeishi Kadutu anajua kwamba hakuna njia ya tambarare: ukitoka nyumbani unashuka, ukirudi unapanda, na maji hayajileti. Miezi mitatu nilihesabu kila bidoni niliyoibeba.

Ukweli ni kwamba shingo ya kizazi ni mlango unaotakiwa kubaki mrefu, mgumu na umefungwa hadi mwisho wa mimba. Kwa baadhi ya wanawake mlango huo hulegea na kufunguka katikati ya mimba bila uchungu wa kueleweka. Zipo sababu zinazojulikana: kuchanika kwa shingo katika uzazi uliotangulia, upasuaji uliokata sehemu ya shingo, kusafishwa kizazi mara kadhaa kwa kuupanua mlango, au umbile la kuzaliwa nalo. Mara nyingi sababu haionekani kabisa. Bidoni haimo. Na kulala kitandani miezi mizima, kama jirani alivyonishauri, hakujaonekana kuzuia mimba kutoka, ila kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, nikachanika. Aliyeniuliza habari za uzazi ule kwa kirefu ni daktari wa pili peke yake.

“Mimba ikitoka katikati, dawa yake ni uzi.”

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mimba inaweza kutoka katika mwezi wa nne, wa tano au wa sita kwa malaria, kwa kaswende, kwa maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni, kwa kondo la nyuma kubanduka, kwa presha, au kwa kasoro ya mtoto mwenyewe. Katika hayo yote uzi hauna kazi. Malaria haizuiliwi kwa kushona: inazuiliwa kwa chandarua na kwa vidonge vya SP vinavyotolewa CPN, yaani kliniki ya wajawazito, kuanzia wiki ya 13, si chini ya mara tatu, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Kaswende inaonekana kwa kipimo cha damu na inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Na kama moyo wa mtoto ulisimama kabla mlango haujafunguka, basi mlango si wa kulaumiwa.

Kwa hiyo kinachoamua ni jinsi mimba ilivyotoka. Kipi kilitangulia: damu, homa, uchungu mkali, au chupa (mfuko wa maji ya mtoto) kupasuka? Au mlango ulikutwa wazi na mtoto bado mzima? Dada uliyefiwa juzi, nakuomba hili kabla ya jingine lolote: andika saa kwa saa ulichokihisi, au mwambie mtu wako akuandikie, na omba fishi yako ya materniti, yaani karatasi za matibabu yako, kabla ya kutoka. Mimi niliandika baada ya wiki sita, na tayari nilikuwa nimesahau kama maji yalitangulia damu.

“Ukishapoteza mmoja, unashonwa tu.”

Daktari wa kwanza alisema nishonwe. Wa pili akasema tungoje tupime. Nilidhani mmoja wao hajui kazi, kumbe wote wawili walikuwa na msingi.

Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza. Ulihusisha wanawake 1,292 kutoka nchi kadhaa, wale ambao madaktari wao hawakuwa na uhakika kama wawashone au la. Waliozaa kabla ya wiki ya 33 walikuwa asilimia 13 kati ya walioshonwa na asilimia 17 kati ya wasioshonwa. Maana yake, katika kila wanawake 25 hivi wanaoshonwa, mmoja ndiye anayeepushwa na uzi kuzaa kabla ya wiki hiyo. Faida ilionekana wazi zaidi kwa waliokwisha kupoteza mimba au kuzaa njiti mara tatu au zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unapendekeza uzi wa kupangwa, unaotiwa mapema, hasa kwa wanawake hao. Marekani wanakubali hata baada ya mimba moja, mradi iwe wazi kwamba mlango ulifunguka wenyewe bila uchungu na bila kondo kubanduka.

Uzi huo wa kupangwa hutiwa kati ya wiki ya 12 na ya 14, baada ya ekografi (picha ya ultrasound) kuonyesha kwamba mtoto ni mzima. Njia ya pili ni kuchunga: ekografi ya ndani, kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, kuanzia wiki ya 16 hadi ya 24, kila wiki mbili hivi. Shingo ikipungua chini ya milimita 25, ndipo unashonwa, au unapewa homoni ya projesteroni ya kuweka ukeni. Wengi wanaochungwa hivyo shingo yao hubaki ndefu, wakazaa bila uzi wowote. Ya tatu ni uzi wa dharura, pale mlango umeshafunguka na chupa inaonekana. Huo una hatari kubwa zaidi ya maambukizi na ya chupa kupasuka, lakini kwa baadhi ya mimba umeongeza wiki za thamani. Hautiwi kama kuna homa ya maambukizi, damu inayotoka, uchungu ulioanza, au chupa iliyokwisha kupasuka.

Na wanaosema ekografi ya ndani “inaamsha” mimba wamekosea. Kifaa hakiingii kwenye mlango, kinaupima tu kutoka nje yake.

“Uzi ukishindwa mara moja, basi tena.”

Uzi wa kawaida hutiwa kupitia ukeni. Njia mbili zinazotumika hadi leo zina majina ya waliozianzisha: Shirodkar wa India, mwaka 1955, na McDonald wa Australia, mwaka 1957. Ya McDonald ni nyepesi zaidi: uzi unazungushwa shingoni kama kamba ya mfuko. Aliyeshonwa hivyo na bado akapoteza mtoto ana njia nyingine, uzi wa tumboni, unaofungwa juu kabisa ya shingo kwa kupasua, kabla ya mimba au mwanzoni mwake. Katika utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2020, wanawake wa namna hiyo waliotiwa uzi wa tumboni walizaa kabla ya wiki ya 32 kwa asilimia 8, na waliorudiwa uzi wa kawaida wa ukeni kwa asilimia 33. Lakini huo ni upasuaji kamili, unataka mpasuaji mzoefu, na mtoto atazaliwa kwa upasuaji.

Uzi wa ukeni ni tofauti. Hutolewa wiki ya 36 au 37, mara nyingi bila hata ganzi, na mama anazaa kwa njia ya kawaida. Uchungu ukianza kabla ya hapo, lazima ukatwe upesi, la sivyo shingo itachanika.

“Ukishonwa, umelindwa.”

Hapana. Uzi hauzuii uchungu wala vijidudu. Maji yakitoka, damu ikionekana, homa ikipanda, tumbo likikaza mara kwa mara au ute ukinuka, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Dawa za mitishamba za kuingiza ukeni ziacheni kabisa, mama zangu, uzi uwepo au usiwepo. Na mwenye mapacha asishonwe kwa sababu tu ni mapacha: haijamsaidia.

Sasa nina mimba ya wiki 18. Mimi na mume wangu tulichagua kuchunga. Tumekubaliana na daktari kwamba shingo ikifika chini ya milimita 25 atanishona, tumeweka kando pesa za upasuaji na za gari la usiku, na mamamkwe, tulipomweleza, alikuja kukaa nasi ili mimi nisikose hata siku moja ya kupimwa. Jumanne milimita zilikuwa 33. Narudi baada ya wiki mbili.