Mzinga hauna malkia? Tafuta mayai kwanza

"Afisa, mzinga wangu hauna malkia." Ukiuliza mfugaji amejuaje, jibu huwa lile lile: nimepekua masega yote, sikumwona. Hiyo si dalili. Nyuki wetu wa Kiafrika hawatulii kwenye sega. Hukimbiakimbia na kuning'inia kwa mafungu ukingoni, na malkia hujichanganya humo humo. Mimi hufungua mizinga mingi bila kumwona, wala simtafuti.

Natafuta mayai. Jioni, ukiwa na mavazi ya kinga na moshi wa kutosha, inua sega la katikati. Yai ni jeupe, jembamba, limesimama kwenye sakafu ya kijumba, kile kitundu cha sega. Huanguliwa baada ya siku 3, kwa hiyo ukikuta yai moja moja katika kila kijumba, malkia alikuwapo juzi. Funga mzinga, nenda nyumbani.

Mayai yasipoonekana, bado usihukumu. Kiangazi kikali malkia husitisha kutaga. Au kundi limegawanyika, malkia mzee akaondoka na wenzake. Mrithi wake huchukua siku kama 16 tangu yai hadi kutoka chumbani, kisha wiki moja au mbili kukomaa, kupandwa na madume angani na kuanza kutaga.

Ukitaka uhakika, chukua sega lenye mayai na majana machanga (watoto wa nyuki) kwenye mzinga wenye nguvu, kung'uta nyuki, liweke katika huu wenye shaka. (Hapa ndipo utamlaumu fundi aliyekukatia viunzi, vile vijiti vinavyobeba masega, vya upana tofauti, sega likakataa kuingia; kwa nyuki wetu upana ni milimita 32.) Angalia baada ya siku 3 au 4. Wakijenga vyumba vinavyoning'inia mfano wa ganda la karanga, kweli hawana malkia, na wameshaanza kujilelea mwingine. Waache. Wasipojenga, yumo.

Kibaya ni kukuta mayai mawili matatu kwenye kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, na vifuniko vya majana vimevimba. Hapo vibarua, nyuki jike wa kazi, ndio wanaotaga. Hawajapandwa, hivyo mayai yao hutoa madume matupu. Ukiwapa malkia, mara nyingi humuua. Wengine huwaongezea sega la majana machanga kila wiki mpaka vibarua waache kutaga. Kwa kundi dogo naona ni kupoteza majana ya mzinga mzima: afadhali utoe masega, upake viunzi nta, utundike mzinga kusubiri kundi jipya msimu wa maua.