Kilti ya Waskoti: maana yake na adabu za kuivaa

Kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti: kitambaa cha sufu chenye mistari ya rangi iliyokatizana, kinachozungushwa kiunoni, kikaachwa bapa upande wa mbele, kikakunjwa marinda upande wa nyuma, na kufungwa kwa vikanda vya ngozi vyenye bizimu. Jina lenyewe lina asili ya lugha za Skandinavia na lilihusu kitendo cha kupandisha nguo na kuikaza mwilini. Kwa Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu za Uskoti, vazi hili huitwa féileadh. Kwa msomaji wa pwani aliyezoea kumwona mzee mwenye heshima zake akitoka barazani na msuli wake, vazi la kiume lisilo suruali si jambo la kushangaza. Tofauti ni kwamba msuli ni nguo nyepesi inayofungwa upya kila ivaliwapo, ilhali kilti kamili hushonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, hutumia kitambaa cha yadi 8, yaani mita 7 na ushei, na uzito wake huweza kukaribia kilo 2. Kanuni nyingi za kuivaa zimetokana na ushonaji huo, na mtu akielewa jinsi vazi lilivyotengenezwa, hana haja ya kukariri orodha ya miiko.

Kilti ya kwanza haikushonwa hata kidogo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 16, wanaume wa Nyanda za Juu walijifunga blanketi pana la sufu, nusu ya chini ikishikwa kiunoni kwa mkanda na nusu ya juu ikitupwa begani, na usiku blanketi hilohilo lilikuwa matandiko yao. Kilti fupi tunayoijua leo, ambayo ni ile nusu ya chini peke yake, ilianza kuenea katika karne ya 18. Kisha likaja jambo ambalo kila anayetaka kuivaa anapaswa kulifahamu. Baada ya waasi wa Nyanda za Juu kushindwa katika vita vya Culloden mwezi Aprili 1746, Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti, isipokuwa wanajeshi, kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi 6, na ya kosa la pili ilikuwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1782. Ndiyo maana naona si haki kuitendea kilti kama nguo ya maigizo: watu walifungwa kwa ajili yake, na kwa Mskoti inavaliwa siku ya ndoa, siku ya mazishi na siku ya kuhitimu masomo.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuivaa chini mno. Aliyezoea suruali ya jinzi hufunga kila kitu kwenye nyonga, lakini kilti hukaa juu, usawa wa kitovu au karibu nacho, kwa kuwa marinda yale mazito yanahitaji kushikwa pale ambapo kiuno ni chembamba ndipo yaning'inie vizuri. Ikivaliwa nyongani, upindo wake hushuka chini ya magoti na mvaaji huonekana kama aliyeazima nguo ya kaka yake mkubwa. Urefu sahihi ni wa kufika katikati ya pia ya goti au juu yake kidogo. Mafundi wengi humpigisha mteja magoti: akiwa amesimama wima kwa magoti yake, ukingo wa chini unapaswa kukaribia sakafu bila kuigusa. Kipimo hiki hakina budi kuwa sahihi tangu mwanzo, kwa sababu kilti ya jadi haina pindo la kushona; ukingo wake wa chini ni ule ukingo wa kitambaa uliofumwa kiwandani, na fundi hawezi kuukunja au kuukata bila kuharibu mwanguko wa marinda. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, alivaa kilti fupi mno juu ya soksi ndefu za rangi ya ngozi, na watu wanaizungumzia hadi leo. Hata hivyo ziara hiyohiyo ndiyo iliyolifanya vazi la Nyanda za Juu, lililokuwa likidharauliwa na watu wa mabondeni, likubalike kuwa vazi la Uskoti nzima.

Marinda huwa nyuma na upande bapa mbele, daima. Upande huo bapa ni tabaka mbili: la ndani hufungwa kwanza, kisha la nje hulifunika na kufungwa kwenye nyonga ya kulia, hivyo ukingo ulio wazi huwa kuliani mwa mvaaji mwanamume. Karibu na pembe ya chini ya ukingo huo huchomekwa pini kubwa ya pambo. Wengi huichoma pini hiyo ikapita tabaka zote mbili wakidhani kazi yake ni kufunga nguo. Sivyo. Hupita tabaka la nje peke yake ili kuliongezea uzito. Ikizishika zote mbili, mvaaji akipiga hatua ndefu au kuketi, kitambaa huvutwa na hatimaye huchanika.

Kilti haina mifuko, na kwa sababu hiyo mvaaji huning'iniza mbele yake mkoba wa ngozi uitwao sporani. Hukaa katikati, upana wa kiganja hivi chini ya bizimu ya mkanda. Kuna ya ngozi tupu kwa mchana na ya manyoya na fedha kwa karamu za usiku. Mtu akiwa na moja tu, ya ngozi itamfaa mahali pengi. Anapocheza dansi au kuendesha gari huisogeza kando, kwenye nyonga. Soksi ndefu za sufu hukunjwa chini ya goti, si juu yake, na mkanda wa kiunoni huachwa iwapo mtu amevaa kizibao, kwa kuwa viwili hivyo hugombea nafasi moja.

Kuketi kunahitaji mazoezi. Kabla ya kushuka kitini, mkono hupitishwa nyuma kuanzia juu kwenda chini ili kuyalaza marinda yasijikunje, kisha mvaaji huketi magoti yakiwa karibu na kuiacha sporani ikizamisha kitambaa katikati ya mapaja. Mwanamume aliyezoea kupanua magoti kama yumo ndani ya suruali atawaaibisha wanaoketi mkabala naye. Hapo huja swali ambalo kila mgeni hulitaka: ndani huvaliwa nini? Kuna desturi maarufu, iliyopata nguvu katika jeshi, ya kutovaa chochote. Wacheza dansi wa Nyanda za Juu katika mashindano, hata hivyo, huvaa nguo ya ndani, na maduka ya kukodisha huwaomba wateja wavae kwa ajili ya usafi, jambo ambalo naliona la busara. Linalonikera ni tabia ya wageni wa harusi kumwinua mtu kilti ili wajionee wenyewe. Hakuna ambaye angethubutu kumfunua mwanamke sketi yake mbele ya watu, na mwanamume naye ana haki hiyohiyo ya kusitiriwa.

Wasio Waskoti huuliza kama wanaruhusiwa kuvaa. Wanaruhusiwa. Mpangilio wa mistari ya rangi huitwa tartani, na ingawa tartani nyingi hunasibishwa na koo fulani, unasibisho huo kwa sehemu kubwa ulijengeka katika karne ya 19, wala hakuna sheria inayomzuia mtu kuvaa ya ukoo usio wake. Adabu ndiyo inayoongoza: mgeni huchagua ile ya wote, kama ya Black Watch, kikosi cha jeshi cha Waskoti, yenye kijani, buluu na nyeusi, au ya wilaya fulani, au humwuliza mwenyeji wake. Tartani ya Balmoral huachiwa familia ya kifalme, na wafumaji wa kuaminika hawaiuzi kwa umma.

Jambo la mwisho ni kisu kidogo kiitwacho sgian dubh, yaani kisu cheusi, ambacho huchomekwa ndani ya soksi ya mguu wa kulia, au wa kushoto kwa atumiaye mkono wa kushoto, kichwa cha mpini pekee kikionekana. Sheria za Uskoti zinazokataza kubeba visu hadharani hukiruhusu kikiwa sehemu ya vazi la kitaifa, lakini ruhusa hiyo haimfuati mtu hadi ndani ya ndege, na anayesafiri kwenda harusini hana budi kukiweka katika mzigo unaokaguliwa na kupakiwa chini. Kilti yenyewe ni afadhali ibebwe ikiwa imeviringishwa kwa urefu wake, marinda yakiwa yameshikwa kwa uzi wa kushikiza. Uzi huohuo hushonwa kabla ya kuipeleka kwa dobi wa kusafisha bila maji, kwani mashine ya kufulia huyafumua marinda ambayo fundi aliyashona moja baada ya jingine kwa mkono.