Je, wajua? Tumbili walio wengi ndio walio hatarini zaidi

Kwa miaka mingi niliamini kuwa wanyama wakiwa wachache ndipo hatari yao inapokuwa kubwa. Ukitaka kujua hali yao, hesabu vichwa, basi. Imani hiyo niliiacha nilipowasoma tumbili wawili wadogo wa Amerika Kusini.

Mmoja ni tamarini simba wa dhahabu wa Brazili, mwenye rangi ya chungwa bivu, ambaye picha yake imo kwenye noti ya reali 20. Wa pili ni tamarini kichwa-pamba wa Kolombia: hafiki nusu kilo, na utosini nywele zake nyeupe zimesimama kama pamba iliyochambuliwa.

Sensa ya 2023 ilikadiria simba wa dhahabu 4,800 porini. Kichwa-pamba walikadiriwa kama 7,400, ingawa hesabu hiyo ni ya 2005 na 2006. Watafiti walipita msituni wakipiga milio iliyorekodiwa na kungoja wenyewe wajitokeze, kwa hiyo tuipokee kama makadirio. Hata hivyo, kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga spishi kwa ngazi za hatari, hao wengi ndio waliowekwa "hatarini sana kutoweka". Wachache wako ngazi moja chini yao, "hatarini kutoweka".

Chukua matangi mawili ya maji uani. Moja lina lita 7,400 lakini lina ufa chini. Lingine lina 4,800 na bomba linaendelea kulijaza. Ukiulizwa lipi litakauka kwanza, utachungulia ufa kabla ya kupima kina. IUCN nayo huchungulia ufa: spishi iliyopungua kwa asilimia 80 au zaidi ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi, huingia ngazi hiyo ya juu hata kama maelfu bado wapo.

Ufa wa kichwa-pamba ulianza mapema. Kati ya 20,000 na 40,000 walisafirishwa kwenda maabara za Marekani, hadi Kolombia ilipopiga marufuku mwaka 1974. Lakini misitu bado inafyekwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, na watoto wa tumbili hao bado wanakamatwa wakafugwe majumbani.

Brazili, simba wa dhahabu walibaki kama 200 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuanzia 1984 waliozaliwa kwenye bustani za wanyama wakarudishwa msituni. Homa ya manjano iliwashusha kutoka 3,700 hadi 2,500, kisha wakapanda tena. Kinachowazuia kushuka ngazi ya hatari ni kwamba maji yao yamegawanywa katika ndoo ndogondogo: vipande vya msitu vilivyotenganishwa na mashamba na barabara. Ndiyo maana mwaka 2020 lilikamilika daraja juu ya barabara kuu ya BR-101, likapandwa miti, ili tumbili wavuke juu huku malori yakipita chini.