Mchango wa punda wa Kisesa unaishia wapi?

Picha ya punda wa Kisesa ikisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mwanza, madumu manne ya maji juu yake na kidonda kibichi chini ya kamba, lazima atokee wa kuuliza: "Yale mashirika ya kutetea wanyama ya Ulaya na Marekani yana mabilioni, mbona huku hatuyaoni?" Swali ni halali. Majibu yake ndiyo hupinda.

Dhana: Shirika kubwa ndilo linalolisha vituo vidogo.

Majina ndiyo yanayochanganya. Humane Society of the United States, iliyoanzishwa 1954 na kuitwa Humane World for Animals tangu 2025, si mama wa vituo vya mbwa na paka vyenye majina yanayofanana na lake huko Marekani. ASPCA ya New York (1866), shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, nayo si makao makuu ya kila chama chenye herufi SPCA kwenye jina lake. Ruzuku hutoka, ila vituo hivyo vinajitegemea. Anayechangia wakubwa anachangia pia kampeni, uokoaji na mashitaka.

Na mashitaka yana bei. Kesi ya kudai tembo wa sarakasi ya Ringling Bros. wanatendewa ukatili ilifunguliwa na ASPCA na wenzake mwaka 2000; baadaye mahakama ikaona kwamba shahidi wao mkuu, mfanyakazi wa zamani wa sarakasi hiyo, alikuwa akilipwa na upande wa walalamikaji. Ili kumalizana nao, ASPCA ikawalipa wenye sarakasi dola milioni 9.3 mwaka 2012, na Humane Society na wenzake wakawalipa dola milioni 15.75 mwaka 2014.

Dhana: Asilimia ndogo ya utawala ndiyo alama ya uaminifu.

Hapa ndipo watu wengi hupigwa chenga. Fomu 990, ambayo mashirika ya Marekani hujaza na yeyote anaweza kuisoma, hugawa matumizi mafungu matatu: miradi, utawala, uchangishaji. Sasa chukua barua ya kuomba pesa. Ikiongezwa mistari kama "usimfungie mbwa ndani ya gari juani, mwandikie mbunge wako", sehemu ya gharama ya karatasi, uchapaji na stempu inaweza kuhamia kwenye miradi kwa jina la elimu kwa umma. Kanuni za uhasibu zinaruhusu, kwa masharti. Kwa hiyo usiishie kwenye asilimia. Ndani ya hesabu zilizokaguliwa tafuta maelezo ya gharama za pamoja, yaani zile zilizogawanywa kati ya uchangishaji na miradi.

Upande wa pili, kikundi kidogo cha Ilemela kinachomlipa mhasibu kitaonekana kina "utawala mkubwa". Mimi ningekiamini zaidi ya kile ambacho risiti zake zinakaa kwenye mfuko wa suruali wa mwenyekiti.

Dhana: Mshahara mnono wa bosi ni wizi.

Unaweza kukukera, na mimi unanikera. Wizi ni jambo jingine, nalo linahitaji ushahidi.

Dhana: Limesajiliwa, basi limekaguliwa.

Cheti cha ukutani kinathibitisha usajili tu. Sheria ya NGO ya 2002 inalitaka shirika kuandaa kila mwaka ripoti ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa. Omba za mwaka jana, kisha linganisha mstari wa dawa za mifugo na ule wa semina za hotelini. Ukiambiwa ripoti ya shughuli ni siri ya ofisi, waambie sheria hiyohiyo inataka iwe wazi kwa umma.