Miaka kwenye lebo haipimi ubora wa wiski

Wapenzi wengi wa wiski wameshika imani moja: miaka ambayo wiski imekaa pipani ikiwa mingi kwenye lebo, kinywaji ni bora zaidi. Kwa kipimo hicho, wiski za kimea kutoka India, ambazo nyingi hazitaji umri, huonekana changa hata kabla ya kuonjwa. Hiyo si haki.

Chukua kiwanda cha Amrut cha Bangalore, mji ulio mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto la huko huisukuma pombe ndani ya mbao za pipa la mwaloni na kuirudisha ikiwa imebeba rangi, vanila na harufu ya viungo. Joto hilohilo huivukiza: pipa hupoteza takribani asilimia 10 kwa mwaka, ilhali Uskoti hupoteza kama asilimia 2. Ukiiacha Bangalore miaka 18, utakuta kidogo mno, tena kichungu kwa mbao. Miaka 4 au 5 mara nyingi inatosha.

Onja Amrut Fusion, mchanganyiko wa shayiri ya India na ya Uskoti iliyofukizwa moshi. Ina kilevi asilimia 50, kwa hiyo usiinuse kwa pupa; pua itaungua usipate kitu. Tia matone machache ya maji, subiri, kisha nusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Je, moshi umeifunika nafaka, au vyote viwili vinasikika? Ukishameza, ladha inadumu? Ulimi ukikauka kama uliotafuna chai kavu, pipa limezidi, hata lebo ikisema miaka mingapi.