Somo Tangulizi ni Nini, na Linaamuaje Digrii ya Uhandisi wa Umeme?

Somo tangulizi ni somo unalotakiwa kulifaulu kabla hujaruhusiwa kusoma lingine. Kwenye prospektasi ya chuo, yaani kitabu cha maelezo ya masomo yake, huandikwa kwa msimbo tu, herufi na tarakimu chache pembeni ya maelezo ya somo, na wanafunzi wengi huipita sehemu hiyo bila kuisoma. Zipo fani ambazo ukifanya hivyo hupati hasara kubwa. Uhandisi wa umeme haumo.

Masomo yake yamefungamana mno. Anza na hesabu za mwaka wa kwanza: kalkulasi na namba changamano. Hizo zinazaa somo la saketi, yaani njia zinazopitiwa na mkondo wa umeme. Saketi zinazaa mashine za umeme, yaani transfoma, mota na jenereta. Mashine zinazaa mifumo ya nguvu, ambako unajifunza umeme unavyosafirishwa kutoka bwawani hadi mjini. Pale kwenye saketi kuna tawi jingine linaloelekea elektroniki, na la tatu linalopita kwenye mawimbi na kwenda mawasiliano na udhibiti wa mifumo. Ukitazama vizuri, karibu kila njia inapita kwenye saketi, na saketi zimebebwa na hesabu.

Tuchukue mfano mmoja tuone hesabu zinaingiaje. Una rezista ya ohm 30 imeungwa mfululizo na koili ambayo, kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 na hezi 50, inazuia mkondo kwa ohm 40. Mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita na PCM yake (Fizikia, Kemia na Hisabati), akiwa na haraka, atajumlisha: 30 na 40 ni 70, gawanya 230 kwa 70, anapata ampea 3.3 hivi. Akienda maabara, ampmita inamwonyesha 4.6. Akipima volti ndiyo anachanganyikiwa zaidi: kwenye rezista anakuta 138, kwenye koili 184. Jumla 322, na soketi inatoa 230 tu! Volti 92 zimetoka wapi?

Hazikutoka popote. Volti za koili na za rezista hazifiki kileleni wakati mmoja. Za koili zinatangulia kwa robo ya mzunguko. Kwa hiyo hazijumlishwi kama shilingi, zinajumlishwa kama pande mbili za pembetatu mraba. Kipeo cha pili cha 138 ukikijumlisha na cha 184 unapata 52,900, na kipeuo chake ni 230 kamili. Ohm nazo ni hivyohivyo: 30 na 40 zinatoa 50, si 70. Namba changamano ndizo zinazofanya kazi hii iwe nyepesi, maana zinabeba kwa pamoja ukubwa na pembe, yaani kiasi cha kutangulia au kuchelewa. Aliyeileta mbinu hiyo kwa mafundi wa umeme ni Charles Steinmetz, katika mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Chicago mwaka 1893. Kabla yake, saketi ya namna hii ilitatuliwa kwa kurasa za kalkulasi.

Sasa, pembe hiyo haiishii maabara. Inarudi mwaka wa tatu ikiitwa kipengele cha nguvu (power factor), yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli. Kwa saketi yetu ni 0.6, maana yake kiwanda chenye mzigo wa aina hiyo kinavuta mkondo mwingi kuliko kazi inayofanyika. Ndiyo sababu wateja wakubwa wa TANESCO hulipia pia kVA (kilovolti-ampea, yaani volti mara mkondo wanaovuta), si uniti peke yake. Inarudi tena kwenye umeme wa fezi tatu, ambako volti 400 kati ya nyaya ukizigawa kwa kipeuo cha 3 zinakupa zile 230 za nyumbani. Aliyekariri namba changamano ili avuke mtihani anakutana nazo mara ya tatu, ya nne, na kila safari zimevaa nguo nyingine.

Krediti hazikuonyeshi hili. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kusoma, zikiwemo za darasani, za maabara na za kujisomea, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Kwa hiyo somo la hesabu na somo la stadi za mawasiliano yanaweza kuwa na krediti zinazokaribiana, na kwenye matokeo yakaonekana ndugu. Lakini ukianguka stadi za mawasiliano unadaiwa somo moja. Ukianguka hesabu, nyuma yake kuna foleni.

Foleni hiyo inauma zaidi kwa sababu masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa la muhula wa kwanza, huwezi kulifuata muhula wa pili, unalisubiri mwakani. Digrii ya miaka 4 hapa Tanzania, au ya miaka 5 kule Kenya, inaweza kuongezeka mwaka mzima kwa somo moja. Marekani mwanafunzi huchagua masomo mwenyewe kila muhula, kwa hiyo mnyororo anauona mapema: mfumo unakataa kumsajili. Kwetu idara ndiyo hupanga ratiba ya darasa zima, na mtu anaweza kufika mwaka wa tatu bila kujua kwamba kuna mnyororo, mpaka ale sapu, yaani mtihani wa marudio. Akishindwa sapu anakeri, yaani anabeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, na huko kwenye kukeri ndiko ratiba zinagongana: somo la mwaka wa kwanza limewekwa saa ileile na la mwaka wa pili. Nadhani waliodisko wengi, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, walianza kuzama hapo, si kwenye somo gumu la mwisho walilolitaja.

Kuna tangulizi zisizoandikwa popote, nazo ni tangulizi vilevile. Programu za kompyuta ni mojawapo: mhadhiri wa udhibiti atakupa zoezi la kuigiza mfumo kwenye kompyuta akidhani unajua kuandika msimbo. Wanaoingia na stashahada wana shida ya upande wa pili. Mikono yao ni mizuri, mota wanaifungua na kuifunga, maabara wanawasaidia wenzao wa kidato cha sita. Ila kalkulasi waliyosoma mara nyingi ni nyepesi kuliko inayotakiwa. Hao ningewashauri wafungue vitabu vya hesabu miezi kadhaa kabla ya chuo kufunguliwa, hata kama wamepata nafasi bila masharti.

Upangaji wenyewe haudai utaalamu. Chukua prospektasi wiki ya kwanza, anza na masomo ya mwaka wa mwisho ya tawi unalolitamani. Tuseme ni mifumo ya nguvu, kwa kuwa unaota kufanya kazi Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Andika somo hilo juu ya karatasi, shuka nalo kinyumenyume: linadai lipi, na hilo linadai lipi, hadi ufike mwaka wa kwanza. Masomo yatakayotokea kwenye mistari mitatu au minne ndiyo ya kulindwa. Huko ndiko uweke kikundi cha majadiliano, maswali ya miaka iliyopita na usiku wa kukesha. Mengine yapewe haki yake ya kawaida.

Angalia pia kalenda. Mitihani ya sapu mara nyingi huangukia likizo ndefu, likizo ileile ya mazoezi ya vitendo, na mwenye nafasi kwenye kituo cha umeme mkoani itabidi aombe ruhusa kwa msimamizi, alipe nauli ya kwenda na kurudi, na siku alizokosa huenda zikaonekana kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za kazi.